Kila Anayeweza Kutembea

Kwenye karatasi ya zoezi, waliopangiwa kutembea walikuwa kumi na wawili. Waliokuja walikuwa kumi na watatu.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, kwenye uwanja wa nyuma ya hospitali, kati ya chumba cha kufulia na mochwari. Wanafunzi thelathini wa uuguzi walikuwa wamelala chini, wamepakwa wino mwekundu na sosi ya nyanya, wakijifanya majeruhi wa jengo lililoporomoka. Wengine walilia kwa bidii. Mmoja aliyepangiwa kuwa maiti alipitiwa na usingizi wa kweli, akakoroma, na mwenzake akamfinya akimwambia kwamba maiti haikoromi, atawaharibia alama.

Sista Rangi alisimama katikati yao na kipaza sauti mkononi. Jina hilo alilipata kwa ajili ya kadi. Kwa miaka minane, kila lilipotokea janga, yeye ndiye aliyetangulia kupita kati ya walioanguka. Kila mmoja alimpa nusu dakika: kumtazama, kumsikiliza, kumfunga kadi mkononi, kwenda kwa anayefuata. Kadi ilikuwa na vipande vinne vya rangi, kimoja juu ya kingine. Chini kabisa kijani: huyu anaweza kusubiri. Juu yake njano: asisubiri sana. Juu yake nyekundu: huyu kwanza, sasa hivi. Na juu ya zote nyeusi: huyu mwache. Hali ya mtu ikizidi kuwa mbaya, kipande cha chini huchanwa, na rangi inayobaki chini ndiyo rangi yake.

"Kadi hushuka, haipandi," aliwaambia wanafunzi. "Ulichochana hukigandishi tena. Ukikosea, wewe uliyefunga ndiye ufungue, uandike mpya, utie sahihi yako."

Ili wasisahau hatua, alikuwa amewatungia wimbo. Waliuimba mabwenini, wakauimba kwenye foleni ya chakula, hata bintiye wa miaka sita alikuwa ameukariri:

*Anatembea? Kijani, asogee.*
*Amelala? Pumzi uisikie.*
*Hapumui? Kidevu ukiinue.*
*Bado kimya? Nyeusi, umwachilie.*

Hatua ya kwanza haihitaji hata kumgusa mtu. Unaita tu, na anayeinuka akaja kwa miguu yake ni kijani. Sista Rangi akainua kipaza, akaita kama alivyokwisha kuita mara nyingi:

"Kila anayeweza kutembea, aje kwangu."

Sauti ikaenda, ikagonga mlango wa chuma wa mochwari, ikarudi.

Wakaja, wakichechemea kwa madoido. Akawafunga kadi mmoja mmoja, akiwatania. Wa mwisho alikuwa mwanamume mrefu aliyejipaka unga tangu nywele hadi kope, unga mweupe uliogandia kwenye mikunjo ya shingo kama plasta. Sista akamsifu, akasema huyu ndiye mwigizaji, wengine wote ni wauza nyanya. Wenzake hawakucheka. Walikuwa wakitazama upande mwingine, kama watu ambao hawajaambiwa lolote la kuchekesha.

Akaushika mkono ule ili afunge kadi. Ulikuwa baridi, na lilikuwa jua la utosi. Mdomo wa mtu yule ulikuwa umefumbwa, na nyuma ya midomo kulikuwa na sauti, *khoo, khoo*, kama sinki iliyoziba inayojaribu kumeza maji. Harufu ikampanda puani: unga mbichi, uliolowa, ulioanza kuchacha.

Akainama kuandika namba. Alipoinua uso, mahali pale palikuwa patupu.

Mwisho wa zoezi wanafunzi walirudisha kadi za kijani. Zilikuwa kumi na mbili. Akawauliza ni nani aliyejipaka unga. Wakaapa kwamba hakuna, na kiongozi wao akasema kwamba bwenini kwao unga ni wa kugombania, nani achezee kwa kujipaka. Wakacheka, wakaenda kuoga.

Aliyebaki uwanjani ni mlinzi wa mochwari, ambaye hospitali nzima ilimwita Mzee Baridi, ingawa umri wake haukuzidi hamsini na tano na mizaha yake haikuisha. Siku zote humwambia Sista Rangi kwamba wao ni wabia: yeye anapanga, mzee anapanga upya. Siku hiyo hakutania. Alikuwa amesimama mlangoni pake, kitambaa mkononi.

"Sista," alisema, "ulimwita nani?"

"Kila anayeweza kutembea. Ndivyo tunavyoita."

"Hapa uwanjani tulipowalaza wale wa kiwanda cha unga mwaka jana?" Akatikisa kichwa. "Mtu huita kwa jina, mwanangu. Anayesema 'kila' hajui nani ataitika."

Sista Rangi akamjibu kwamba jua ni kali na yeye ana njaa. Akaondoka. Lakini njiani alijinusa vidole mara mbili.

* * *

Nyumbani, mama yake, ambaye tangu mjukuu azaliwe kila mtu alimwita Bibi, alikuwa amepiga magoti sebuleni na tambara.

"Mama Kijino, nani katembea na unga humu? Napangusa, unarudi. Napangusa, unarudi. Mimi na unga leo tutatambuana."

Nyayo zilikuwa nyeupe, kubwa, za mtu asiye na viatu. Zilianzia kizingitini, zikapita kando ya meza, zikaenda mpaka chumba cha mtoto, zikaishia kwenye kitanda. Za kuingia zilikuwepo. Za kutoka hazikuwepo.

Kijino, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya pengo lake la mbele, alikuwa ameketi kitandani akimvisha mwanasesere bandeji na kuimba.

"Amelala? Pumzi uisikie. Bado kimya? Nyeusi, umwachilie."

"Umeruka mstari," mama yake akamwambia. "Kidevu je?"

"Mstari huo haupo."

"Nani kasema?"

"Mjomba wa unga. Kasema wewe hukuuimba."

Mama yake akauona mkono wa mtoto. Kadi ilikuwa imefungwa kwa fundo lake mwenyewe, fundo la wauguzi, kitanzi mara mbili. Namba kumi na tatu, kwa mwandiko wake. Akachukua mkasi, akakata uzi, akaitupa kadi kwenye jiko, akaitazama ikijikunja na kuwa majivu. Bibi aliuliza kuna nini. Akamjibu ni takataka za kazini.

Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori, yuko safarini, na hangerudi mpaka wiki ifuatayo. Sista Rangi akalala na mwanawe, mgongo ukutani, uso mlangoni. Alisikia Bibi akikohoa, akasikia bomba likidondosha maji jikoni, akasikia mtoto akipumua, na akaanza kuhesabu pumzi zile kama anavyohesabu kazini, akafika kumi, akafika kumi na tano, na hapo akatambua kwamba kila baada ya pumzi ya mtoto kulikuwa na nyingine, nzito, yenye maji, *khoo*, ikija kwa zamu kama mtu anayesubiri mwenzake amalize ndipo naye ajaribu, nayo haikutoka mlangoni alikokuwa amekodolea macho, ilitoka nyuma yake, kati ya mgongo wake na ukuta, mahali pasipoweza kupita hata mkono.

Hakugeuka. Mama gani angegeuka, amwache mtoto mbele? Alimkumbatia tu, akasubiri kukuche.

Kulipokucha, kadi ilikuwa mkononi mwa Kijino. Fundo lile lile. Kipande cha kijani kilikuwa kimechanwa.

* * *

Daktari wa zamu alimsikiliza mtoto kifua, mbele na nyuma, akasema ni safi. Akapima damu, ikawa safi. Hakuweza kueleza kwa nini mtoto mwenye mapafu safi anapumua kama aliyepanda ghorofa kumi. Akamwekea oksijeni, akasema watamtazama. Kadi hakuiona. Hakuna aliyeiona isipokuwa mama.

Saa tatu pumzi zilikuwa ishirini na nne kwa dakika. Saa tatu na nusu, ishirini na nane. Kijino alikohoa, na kwenye leso ya Bibi pakabaki kidonge cheupe cha unga uliokandika. Bibi akakitazama, akamtazama binti yake, akakunja leso.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini sana, "mimi si msomi. Lakini hiki si kikohozi. Kama kuna uliloficha, litoe. Mtoto asilipe."

Sista Rangi alikuwa ameushika mkono wa mwanawe kwa mikono yake yote miwili, ameifunika kadi kabisa, hata mwanga usipenye. Ndani ya viganja vyake, polepole, kama mtu anayefungua bahasha asitake kuamsha waliolala, akasikia karatasi ikichanika.

Alipofunua, njano ilikuwa imekwenda. Iliyobaki chini ni nyekundu. Akahesabu pumzi: thelathini na sita. Na juu ya nyekundu hakukuwa na kingine ila nyeusi.

Alikimbia. Wauguzi hawakimbii hospitalini, huwatia watu hofu, lakini alikimbia, akapita chumba cha kufulia, akavuka uwanja, akaugonga mlango wa chuma kwa viganja.

Mzee Baridi alimkalisha kwenye benchi la nje. Hapo, mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kupokea walioachwa, Sista Rangi alisema lile ambalo hakuwa amelisema kwa mwaka mzima.

Siku kiwanda cha unga kilipoporomoka, ghorofa zote tatu, vumbi lilifunika mtaa hata watu wakawa hawajulikani, wote weupe, wote wa umri mmoja. Aliwaita wanaoweza kutembea. Walipokwisha kuja akawaendea waliolala. Namba kumi na saba alikuwa mwanamume mrefu. Hakupumua. Hatua iliyofuata aliijua kuliko jina lake: inua kidevu, fungua kinywa, toa kinachoziba, usikilize tena. Sekunde tano. Akakitazama kinywa kile. Kilikuwa kimejaa unga uliochanganyika na mate na damu, donge la kijivu lililovimba mpaka kwenye meno.

"Niliona kinyaa," alisema. "Si uchovu, Mzee. Nimejisingizia uchovu mwaka mzima. Niliona kinyaa. Nikachana mpaka nyeusi, nikaenda zangu."

Mzee Baridi aliketi kando yake.

"Alikuja kwangu ana joto," alisema. "Saa mbili zimepita, bado ana joto. Nikajiambia ni jua. Nikaandika namba, nikafunga droo." Akajifuta uso kwa kitambaa. "Hakuna aliyekuja kumdai. Tukamzika na namba. Sasa sikiliza. Huyo anayekujia si marehemu, marehemu wamelala. Ni jini. Mtu akiachwa njiani, kazi yake haijamalizwa, jina lake halijasemwa, huwa kama nyumba isiyo na mlango. Kipitacho huingia. Kimeingia, kimevaa kiu yake ya pumzi, kimesubiri. Jana ukakiita."

"Nifanye nini?"

"Hicho hakijui dua wala fimbo. Kinajua kazi iliyobaki. Kamalize." Alisimama, akachukua funguo. "Nami nina yangu." Kisha akamgeukia. "Siku ile nyeusi zilikuwa sita. Huyo alikuwa wa kwanza. Na wale watano?"

"Wale walikuwa wamekufa."

"Ulijuaje?"

Sista Rangi alikuwa amekwisha kuvuka nusu ya uwanja kwenda kuchukua kipaza.

* * *

Saa sita, jua la utosi tena. Shuka zilizoanikwa na watu wa kufulia zilikuwa zimetulia kwenye kamba. Alivaa glavu. Mfukoni alikuwa na kadi moja mpya na kalamu. Akainua kipaza, akakishusha, akakiinua tena.

"Namba kumi na saba. Kama unaweza kutembea, njoo kwangu."

Hakuona alikotokea. Shuka ya tatu ilitikisika bila upepo, na nyayo nyeupe zikaanza kuandikika kwenye saruji, moja, nyingine, moja, nyingine, zikimjia taratibu, na kadiri zilivyokaribia ndivyo juu ya nyayo kilivyojaa kitu, kwanza magoti, kisha kifua kisichopanda wala kushuka, kisha shingo yenye mikunjo ya plasta, kisha uso, na kope zile nzito za unga zikafunguka, na ndani ya macho hamkuwa na hasira hata chembe, naye alikuwa amejiandaa kwa hasira, hakuwa amejiandaa kwa subira. Kiumbe kile kikalala chini mbele yake, mikono ubavuni, kama anayejua taratibu.

Akapiga magoti. Akaimba, kwa sababu bila wimbo asingekumbuka hata jina lake.

"Anatembea? Kijani, asogee. Amelala? Pumzi uisikie." Akainamisha sikio. Kimya, na harufu. "Hapumui?"

Kutoka dirisha la wodi, upande wa pili wa uwanja, akamsikia Bibi akiita muuguzi, akiita mara ya pili.

"Kidevu ukiinue," akasema, akakiinua.

Kinywa kikafunguka. Donge lilikuwa pale pale, la kijivu, limevimba, na lilikuwa likisogea. Kinyaa kile kile kikamrudia, naye akaingiza vidole viwili, akavipinda kama ndoana kama alivyowafundisha mamia ya wanafunzi, akavuta, na donge likaja, na nyuma yake lingine, na nyuma yake lingine, baridi, linateleza, halina mwisho, akalitupa kando na kurudi, akalitupa na kurudi, mpaka mkono ukazama kuliko kinywa cha mtu kinavyoweza kumeza, mpaka meno yakamgusa kifundo, yakatulia hapo, hayakuuma, yalimshika tu kama mtoto anavyomshika mama anayetaka kuondoka, na vidole vyake huko ndani vikagusa kitu cha mwisho, chembamba, cha karatasi, akakivuta: kilikuwa kipande cha kijani na kipande cha njano, vimeshikana.

Kifua kikapanda.

Pumzi ile ilichukua muda mrefu kuingia. Shuka zote uwanjani zikavutwa kuelekea kwake, vumbi likavutwa, nywele za Sista Rangi zikavutwa. Kisha, kwa sauti kavu ya mtu aliyekaa mwaka mzima bila kuitumia, kikauliza:

"Rangi gani?"

"Nyekundu," alisema. "Ulikuwa nyekundu. Ulikuwa wa kwanza kabisa. Nilikosea mimi." Akatoa kadi mpya, akachana kijani, akachana njano, akatia sahihi kwa mkono uliojaa unga, akaifunga kwenye mkono ule kwa kitanzi mara mbili.

Kikainuka. Kikageuka kuelekea mahali pekee kilipopajua, mlango wa chuma. Mzee Baridi alikuwa amesimama mbele yake, mgongo kwenye komeo.

"Huyu ana joto," mzee alisema, kwa sauti ya kazi. "Mimi sipokei mwenye joto. Hapa si pako. Nenda."

Kikasimama mbele yake kitambo. Kisha pumzi yote ile, iliyovutwa kwa muda mrefu vile, ikatoka kwa mara moja, na shuka zikaruka kwenye kamba, na unga ukatawanyika juani kama moshi wa sigara, na kwenye saruji ikabaki kadi moja nyekundu, haina mtu.

* * *

Kijino alikuwa amekaa kitandani, amevua kinyago cha oksijeni, akimlalamikia Bibi kwamba chai haina sukari. Mkono wake haukuwa na kitu. Pumzi zilikuwa ishirini. Mama yake alizihesabu mara tatu, daktari akazihesabu, akaandika kwamba mgonjwa amepata nafuu, sababu haijulikani.

Alasiri hiyo Sista Rangi aliandika barua kwa mkuu wa wauguzi. Ilikuwa ya mistari minne. Alieleza alichokifanya kwa namba kumi na saba, bila kutaja uchovu, akaomba rangi ya mtu huyo ibadilishwe kwenye taarifa. Alijua barua ile huenda ikamtoa kazini. Akaitia kwenye bahasha, akaiacha mezani kwa mkuu, akarudi wodini kumbusu mwanawe. Mtoto alikuwa akiimba, mistari yote minne, na ule wa tatu akiupaza kuliko mingine.

Kisha akakumbuka kwamba kipaza sauti cha hospitali kilibaki nje.

Jua lilikuwa limeshuka, vivuli vimerefuka. Watu wa kufulia walikuwa wameanua shuka. Kipaza kilikuwa pale alipokiacha. Nyuma yake, kwenye saruji iliyokwisha kufagiliwa, kulikuwa na nyayo nyeupe. Za kwanza zilikuwa kubwa, za mwanamume. Za pili ndogo. Za tatu zilikuwa na kiatu mguu mmoja. Akazihesabu, ingawa alijua idadi kabla hajaanza: jozi tano, moja nyuma ya nyingine, zimejipanga sawasawa, bila kusukumana, kama watu wanavyojipanga mbele ya chumba cha daktari wakiwa wameambiwa wasubiri.

*Khoo*, ikasema hewa mbele yake. *Khoo*, ikajibu iliyo nyuma.

Angeweza kukimbia. Miguu ilikuwa yake, na geti lilikuwa wazi. Dirishani juu, Kijino alikuwa amefika tena mwanzo wa wimbo.

Sista Rangi alitafuta mfukoni. Akavaa glavu mpya, ya kulia, kisha ya kushoto, vidole vikikataa kuingia. Akapiga magoti.

"Anayefuata," akasema.